Sindano ya Saa Nne

Mdogo wangu alikufa akiwa ameshika shali ya mtoto. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku kumi na mbili kabla, binti mnene mwenye nywele nyingi, na asubuhi hiyo aliinuka kwenye kigoda ili aianike ile shali kambani. Mimi nilikuwa mlangoni nikichambua maharagwe. Nilimwona akisimama, akaweka mkono kifuani, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo. "Sipati hewa," akasema. Kisha magoti yakamwachia. Gari la jirani lilipofika kwenye lami alikuwa ameshanyamaza, na hospitalini kazi iliyobaki ilikuwa ya kutuonyesha mahali pa kumlaza.

Kwa miaka minne baada ya siku hiyo nilimchukia mtu mmoja kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka katika jambo lingine lolote, hata kazi yangu. Sioni haya kulisema. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba jua lisitue ukiwa na hasira. Mimi jua lilinitulia, likanichomozea, likatua tena, nami hasira yangu niliitunza kama watu wanavyotunza mbegu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda nyuma ya soko la Machakos, cherehani mbili, na kazi inayonilisha ni sare za shule. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mcheshi, mtu wa kuimba hata anaposugua sufuria iliyoungua. Mumewe alikuwa kazini mbali, kwa hiyo alipotoka hospitalini nilimleta kwangu, ndani kidogo ukitokea Kyumbi. Mwaitu, yaani mama yetu, alishuka kutoka nyumbani akaja kumpikia uji na kumkanda mgongo.

Siku ya kumi aliamka akilalamikia mguu wa kushoto. Maumivu yalikuwa kwenye shavu la mguu, na alisema ni kama mtu anamkamua kutoka ndani. Niliugusa nikakuta una moto. Jicho la fundi halihitaji muda mrefu; niliona mara moja kwamba miguu yake haifanani. Nikachukua tepu ya kupimia nguo, nikaipima yote miwili mahali pamoja. Mguu wa kulia ulikuwa inchi kumi na mbili na nusu. Wa kushoto ulikuwa kumi na nne.

"Sasa unanishonea soksi?" akaniuliza.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende tukaonwe."

Kliniki ilikuwa pale njia panda ya Kyumbi, vyumba viwili nyuma ya duka la saruji na mabati. Mwenyewe hakuwa daktari wa digrii, alikuwa tabibu, lakini sisi sote tulimwita daktari naye hakutukataza. Alikuwa mwanamume wa umri wangu, shati safi, saa kubwa mkononi. Nilimweleza: "Daktari, mguu wake umefura. Ako siku kumi tangu apasuliwe. Nimempima, huu ni kumi na mbili na nusu, huu ni kumi na nne."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Tepu bado ilikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa nimesahau kuivua. Akatabasamu.

"Mama," akasema, "hapa hatushoni suruali."

Watu waliokuwa wakisubiri mlangoni wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka kidogo, nadhani ili nisione aibu peke yangu. Yule bwana hakuinama kuutazama ule mguu. Hakuugusa. Alisema mama akijifungua miguu hufura, ni jambo la kawaida, akaandika dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, akasema aweke mguu juu ya mto. Hatukumaliza hata dakika tano mle ndani. Siku mbili baadaye mdogo wangu alikufa.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mzee mpole. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akanieleza kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Lile donge likamegeka, likasafiri na damu hadi mapafuni, likaziba. Akasema kwamba mama aliyetoka kujifungua, tena kwa upasuaji, yuko katika hatari ya jambo hilo, na kwamba mguu mmoja ukifura ukawa na moto, huo ni wa kuharakishwa hospitalini.

"Kuna dawa?" nikauliza.

"Iko. Ni sindano ya kufanya damu isizidi kuganda. Inachomwa tumboni, chini ya ngozi."

"Angechomwa siku ile ya mguu, angepona?"

"Huenda," akasema.

Nililichukua neno hilo "huenda" nikaondoka nalo. Sikuweka kingine chochote mkobani siku hiyo.

Baada ya maziko nilirudi kwa yule tabibu wa Kyumbi. Sikwenda kwa vita. Nilitaka tu ajue. Nikaingia zamu yangu ilipofika, nikamwambia yule msichana wa mguu amefariki, damu iliganda ikaenda mapafuni. Aliacha kuandika. "Pole sana, mama," akasema. "Ni mpango wa Mungu." Halafu akatazama juu ya bega langu akaita, "Anayefuata!"

Hapo ndipo chuki ilipoanza.

Mjomba wangu alinivuta kando nyuma ya ghala akaninong'oneza habari za kithitu, kile kiapo cha Wakamba kinachomfuata mwenye hatia na watu wake mpaka atakapokiri. Nilitamani sana. Lakini kithitu hakichezewi. Ukikiapa na moyo wako hauna uhakika, humrudia mwapaji. Nami sikuwa na uhakika kamili, nilikuwa na lile "huenda". Mwaitu aliposikia alilia kuliko alivyolia kaburini. "Umezika mmoja," akaniambia. "Unataka kunizikisha wengine?" Nikaachana nacho. Badala yake nilisali, lakini sala zangu hazikuwa za kusomwa kwa sauti. Nilimwomba Mungu ampe yule bwana mguu uliofura kama ule. Mmoja tu. Na ampeleke kwa mtu anayecheka.

Mtoto wa marehemu alibaki kwangu. Alinizoea, akaniita mama, na mume wa mdogo wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikubali hivyo. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi bila mtoto. Kisha, binti yule akiwa na miaka minne, mimi mwenyewe nikashika mimba.

Mwezi wa sita wa mimba, nikiwa kibandani nikikata kitambaa cha sketi, nilihisi mtu ananikamua mguu wa kushoto kutoka ndani.

Sikupima. Nilifunga kibanda nikaacha mkasi juu ya meza na kitambaa kimekatwa nusu, nikapanda pikipiki hadi hospitali kubwa ya mjini. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, mtu wa haraka lakini msikivu. Swali lake la tatu au la nne lilikuwa, "Kwenu kuna mtu amewahi kuganda damu?" Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. Hakuniambia mambo ya Mungu. Alinipeleka mwenyewe kwa anayepiga picha ya mishipa, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshaliona: donge kwenye mshipa wa paja.

"Tutakuchoma sindano leo," akasema. "Utaendelea nayo mara mbili kwa siku mpaka ujifungue, na wiki sita baada ya hapo. Haipiti kwenda kwa mtoto. Vile vidonge vya kazi hiyo hatukupi, hivyo vinaweza kumdhuru."

Muuguzi akaleta ile sindano. Sijui nilikuwa nimetarajia nini. Kwa miaka minne nilikuwa nimeiwaza kama kitu kikubwa, kitu cha mashine na vyumba vya kufungwa. Kilikuwa kibomba cha kioo kisichozidi kidole changu cha kati, kimejazwa tayari, dawa angavu kama maji ya chemchemi, na ndani yake tone moja la hewa.

"Hii tu?" nikauliza.

"Hii tu," akasema muuguzi.

Nikaanza kulia, naye akadhani naogopa, akanipapasa bega. Sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira. Kitu kile kingeingia kwenye mfuko wa shati. Kingeingia kwenye mfuko wa shati la yule bwana, pamoja na kalamu zake.

Muuguzi alinifundisha kujichoma. "Kaa, jiegemeze nyuma. Finya nyama hapa ubavuni, mbali na kitovu. Sindano inaingia wima, yote. Sukuma polepole, hesabu mpaka kumi. Ukitoa usisugue, ukisugua itavilia damu."

"Na hii hewa nitoe?"

"Iache. Hiyo inasukuma dawa yote iingie."

Mtu aliyezoea kushona haogopi sindano, lakini kujichoma tumboni, mtoto akicheza upande wa pili wa ngozi, ni habari nyingine. Dawa ile inawasha ikiingia, kama upupu. Baada ya wiki mbili tumbo langu lilikuwa na madoa ya zambarau na ya kijani, kama kanga iliyochuja rangi. Nilichoma saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kila nilipokuwa nikihesabu hadi kumi nilikuwa namhesabia yeye. Moja, hukuinama. Mbili, hukugusa. Tatu, ulicheka.

Mpango haukunijia kwa kuupanga. Jumamosi moja nilikuwa Kyumbi kununua nyanya kando ya barabara, malori ya mawe ya Lukenya yakipunguza mwendo kwenye kona, na saa yangu ikaniambia imekaribia saa nne. Sindano ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye kitambaa isipate jua. Nilihitaji mahali pa kukaa. Na kiti kilichokuwa karibu, nje ya kliniki, kilikuwa benchi lake refu la mbao, limejaa wanawake.

Nikawaomba wasogee kidogo. Nikakaa katikati yao, nikainua blauzi upande mmoja, na yule aliyekuwa karibu nami akashika mdomo. "Aiya! Nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga," nikasema. "Ni sindano. Damu yangu inaganda. Ya mdogo wangu pia iliganda, lakini yeye hakuipata hii sindano."

"Kwa nini?"

Nikajichoma kwanza. Nikahesabu hadi kumi. Nikaweka kifuniko, nikashusha blauzi. Kisha nikawaambia kwa nini, tangu tepu hadi shali, na nikauonyesha kwa kidole mlango uliokuwa mbele yetu.

Nilikuwa nimejiwekea sharti moja: nisiongeze neno. Sikusema alimuua. Sikusema ni mlevi wala mwizi. Nilisema alichosema, nikasema hakuinama, nikasema siku zilizopita kabla ya kifo. Ukweli ule haukuhitaji chumvi. Wanawake wawili waliinuka wakaenda zao. Miongoni mwa waliobaki, kila aliyeitwa aliingia akiwa na uso mwingine.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Nitasema ukweli: siku hizo nilizingoja kwa furaha. Nilivaa nguo nzuri. Nilijipaka mafuta. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kinanie na kurudi mwisho wa wiki, aliniuliza mbona naenda sokoni nimependeza hivi, nami nikamwambia naenda kuonana na mtu. Alipojua ni nani, aliweka kikombe chini.

"Utamlea mtoto kwa hasira tumboni," akasema.

"Hasira ndiyo inayonisaidia kuchoma," nikamjibu, na haukuwa uongo.

Jumamosi ya nne yule bwana alitoka nje. Alikuwa amenenepa kidogo tangu tulipoonana. Benchi lilikuwa na watu watano, mahali palipokuwa na kumi na wawili.

"Mama, wewe ni mgonjwa wangu?"

"Hapana. Mdogo wangu ndiye alikuwa mgonjwa wako."

"Naambiwa unaharibu jina langu hapa. Nikiita askari je?"

"Waite. Nitawaambia haya haya ninayowaambia hawa."

Akashusha sauti. "Unataka nini?"

"Nataka ukumbuke. Mwalimu wa chekechea, siku kumi tangu apasuliwe. Mguu wa kushoto."

Alitikisa kichwa. Hakuwa anajifanya, hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko sindano zote. Miaka minne nilikuwa nimelala na kuamka naye, na yeye hakuwa ametuweka hata kwenye kona ya akili yake. "Naona watu wengi, mama," akasema.

"Nilikuwa na tepu shingoni. Ukaniambia hapa hatushoni suruali."

Basi nikaona kumbukumbu ikimrudia. Ilianzia machoni, ikashuka mdomoni. Akatazama chini, akawatazama wale wanawake, kisha akanitazama mimi.

Saa yangu ikafika saa nne. Sijui ni shetani gani alinipa wazo, au malaika. Nikafungua mkoba, nikatoa sindano, nikamnyooshea.

"Wewe ni daktari," nikasema. "Nichome."

Angeweza kukataa. Lakini watu walikuwa wanatazama, naye alikuwa mtu wa kutazamwa. Akanawa mikono, akarudi, akachuchumaa mbele yangu. Kwa mara ya kwanza aliinama. Akaigonga sindano kwa ukucha, akaielekeza juu, kidole gumba kikiwa tayari kutoa ile hewa.

"Usitoe hiyo hewa," nikasema. "Inabaki."

Akasita. Akafinya ngozi, akachoma. Alipochomoa akataka kunisugua na pamba.

"Na usisugue. Itavilia."

Mama mmoja mzee mwishoni mwa benchi akapiga makofi mara moja. "Ee, leo mgonjwa anamfundisha daktari!" Wote wakacheka. Kilikuwa kicheko chenyewe hasa, cha mdomo wazi, na yeye alikuwa chini pale, goti moja kwenye vumbi, ameshika bomba tupu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana. Usiniulize kama niliona aibu. Sikuona.

Ningeishia hapo kama mambo yangekwenda nilivyotaka. Nilitaka kliniki ile ifungwe. Nilitaka siku moja nipite nikute kufuli mlangoni na kuku wamelala kwenye benchi. Nilikuwa na wiki chache tu kabla ya kujifungua, na nilikuwa nimeamua kuzitumia zote.

Jumamosi mbili baadaye, nikiwa nimekaa mahali pangu, alikuja mwanamke kijana akiegemea bega la mama mkwe wake. Alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia. Alichechemea kwa mguu wa kulia. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Yule tabibu alikuwa mlangoni akimsindikiza mtu mwingine, akamwona anavyotembea, akaacha mazungumzo katikati. Akamkalisha pale pale nje, akapiga goti, akapandisha sketi yake hadi magotini. Kisha akatoa mfukoni tepu ya kupimia, mpya, ya manjano, akapima shavu la mguu mmoja, akapima la mwingine.

Hakunitazama. Lakini alijua nipo. Mgongo wake ulijua.

"Ameanza lini?" akamuuliza mama mkwe.

"Jana. Nikafikiri ni kwa kusimama sana."

"Kifua? Unapumua vizuri?"

"Niko sawa," akasema yule kijana.

Akaandika barua amesimama. Hakumpa dawa ya kupaka. Akatoa gari lake mwenyewe nyuma ya duka la saruji, akawapakia, akawaambia waliobaki warudi kesho, na akaondoka kwenda Machakos kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa mtu yule.

Nilibaki kwenye benchi peke yangu. Watakaosoma haya watadhani nilifurahi. Nilishikwa na hasira. Kumbe alikuwa anaweza! Kumbe magoti yake yalikuwa yanakunjika wakati wote! Alichokifanya kwa msichana huyu kilihitaji dakika tatu na tepu, na kabla hajakijua ilibidi mdogo wangu azikwe na mimi niketi pale tumbo wazi kama mtu wa maonyesho.

Msichana yule alipona. Donge lilikuwa kwenye mguu, wakaliwahi. Jumapili iliyofuata jamaa zake walisimama kanisani wakatoa shukrani, na jina la yule tabibu likatajwa mbele ya madhabahu. Wiki iliyofuata benchi lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Nilikuwa nimekwenda kubomoa nyumba, nikawa nimeiezeka.

Na hayo hayakuwa mwisho. Mama mkwe wa yule msichana alinifuata kibandani. "Wewe ndiye ule mama wa sindano?" akaniuliza. "Mtoto wangu ameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini anaogopa kujichoma. Analia. Anasema afadhali mguu uoze."

Nikaenda. Ningefanyaje? Nilimkuta ameketi kitandani, mtoto kando yake, pakiti ya sindano mapajani kama kitu kitakachomng'ata. Alikuwa mdogo, mwembamba. Nikamwonyesha tumbo langu kwanza, madoa yote, na mwanangu akirusha teke ndani. Akacheka. Nikamshika mkono, nikamfundisha kufinya, kuingiza wima, kutosukuma haraka. Tulihesabu pamoja hadi kumi.

Alipomaliza akafumba macho akasema, "Mungu ambariki yule daktari. Bila yeye ningekuwa wapi?"

Kila neno nililokuwa nimelisema kwenye lile benchi lilinijia mdomoni. Nilimtazama mtoto wake, kifungu cha nguo za manjano. Nikamwambia, "Usisugue," nikamtafutia chupa ngumu ya plastiki ya kutupia sindano zilizotumika, nikaenda zangu.

Yule tabibu mwenyewe alikuja siku ya Jumatano, bila gari, bila lile shati la kliniki. Alisimama mlangoni pa kibanda changu mpaka wateja wawili walipotoka.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Sikuutazama ule mguu. Nilikuwa nimechoka, lakini hiyo si sababu. Nilikosea."

Niliendelea kukanyaga cherehani. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka minne, nimeliota likiwa na machozi na magoti, na sasa lilipokuja lilikuwa fupi, limevaa sweta la kawaida, limesimama kati ya roli za vitambaa. Sikujua la kulifanyia.

"Nimetafuta kwenye vitabu vyangu," akaendelea. "Mwaka ule vililowa mvua. Sikupata jina lake. Tafadhali niambie alikuwa anaitwa nani. Nataka kumwombea."

Nikasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Hapana," nikasema.

"Mama..."

"Msamaha wako nimeusikia. Lakini jina lake sikupi. Ulikuwa nalo. Lilikuwa mezani pako, uliliandika kwa mkono wako mwenyewe. Omba bila jina."

Macho yake yalijaa maji, na sikuona raha niliyotarajia kuiona, wala sikumwonea huruma. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, nami nikamaliza mshono wa kola ya shati la darasa la kwanza. Ulikwenda upande. Niliufumua nikaanza tena.

Niliposhikwa na uchungu, muuguzi wa mapokezi aliniuliza jambo moja kabla ya mengine yote, "Ya mwisho umechoma saa ngapi?" Nikamwambia saa nne asubuhi, na jioni ilipofika hawakunichoma, nisije nikavuja damu nyingi. Mwanangu alizaliwa alfajiri, mzima. Nilianza tena baada ya saa chache, nikaendelea wiki sita, tumbo sasa limelegea na rahisi kufinya. Nilipomaliza nilipeleka chupa ya sindano hospitalini ikateketezwe. Mguu bado hufura kidogo nikikaa sana kwenye cherehani, na daktari wa miwani ameniambia nisisafiri mbali bila kusimama na kutembea, na mimba nyingine ikija nisingoje maumivu, nianze sindano mapema.

Sikurudi kwenye benchi. Mwaitu aliniuliza kama sasa nimetua mzigo. Nilimwambia hapana, mwaitu, nimeuhamishia bega la pili. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Bado kuna siku ninapokata kitambaa na kujikuta nahesabu: moja, hukuinama.

Wiki iliyopita nilipita Kyumbi na watoto, mwanangu mgongoni, na binti wa marehemu, ambaye sasa anasoma, nimemshika mkono. Kliniki imepakwa rangi. Yule tabibu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniona, akainua mkono taratibu, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa.

"Mama, yule ni nani?" binti akaniuliza.

"Ni daktari."

"Unamjua?"

"Namjua."

Akamtazama, kisha akanitazama, akingoja niinue mkono wangu. Ana macho ya mama yake, makubwa, ya kuuliza. Siku moja nitamweleza yote, nami sijui bado nitayaeleza kwa sauti gani. Nikamwambia tuharakishe, nyanya nzuri huisha mapema, tukavuka barabara.